Mwaka wa Matokeo Chanya

Inatangazwa kwa fahari kubwa, kwa manufaa ya wale ambao hawakubahatika kuisoma taarifa yetu ya kurasa sitini, kwamba Maabara Kuu ya Upimaji wa Mazingira imeushinda mwaka. Hatukuumaliza tu mwaka, jambo ambalo hata mlevi huliweza. Tumeushinda. Wizara ilipotangaza Mwaka wa Matokeo Chanya na kuzitaka taasisi zote zifikishe asilimia sabini, wengine walilalamika, wengine wakaunda kamati za kulalamika. Sisi tulifikisha tisini na sita.

Taarifa hiyo niliiandika mimi. Ni Afisa Mwandamizi wa Lugha na Taswira, ghorofa ya pili, chumba chenye zulia. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba hakuna jambo linalotoka kwenye jengo letu likiwa vilevile kama lilivyoingia. Ghorofa ya tatu yuko Mkurugenzi Mkuu. Chini kabisa, ukipita stoo ya mafaili na choo kilichofungwa kwa ukarabati tangu enzi za mkurugenzi aliyepita, iko maabara yenyewe, ambayo wageni wetu wengi huondoka bila kuiona.

Huko chini anafanya kazi mwanamke tunayemwita Mama Vidoa. Ana miaka kumi na tisa kazini, miwani iliyofungwa kwa uzi, na kalamu ya wino mwekundu anayohesabia vidoa kwenye visahani vya plastiki. Hesabu zake hazijawahi kukosea. Ila mdomo wake hauna breki, na mtu wa namna hiyo, hata akiwa mtaalamu, hana budi kuwekwa ghorofa ya chini.

Siri ya ushindi wetu ni mipango. Miezi ya mwanzo tulikuwa hoi, asilimia tisa, kwa sababu Mama Vidoa alikuwa akipima kila kitu: mvua, mito, hewa ya madarasani. Vitu hivyo ni hasi kwa tabia. Mkurugenzi akaelekeza tuache kupima mvua, kwa kuwa inatuangusha, tujikite kwenye mitaro ya gereji, moshi wa jalala na ndoo wanazosafishia brashi za rangi. Asilimia ikapanda kama homa. Wizara ikatuletea barua ya pongezi, na Mkurugenzi akaitundika ukutani juu ya picha ya mkewe.

Ndipo Mama Vidoa alipopanda ngazi mpaka kwangu, akiwa na visahani viwili mikononi na koti lake la maabara lenye kitobo kwenye kiwiko.

"Hiki cha bondeni," alisema, akaweka kimoja mezani. "Na hiki cha kilimani kwenu. Vihesabu."

Sikuvihesabu. Cha bondeni kilikuwa kimejaa vidoa vyeupe kila mahali, na cha kilimani kilikuwa na vichache vya kuonea huruma.

"Bondeni mia nne na kumi na viwili," alisema. "Kilimani ishirini na kimoja. Nimerudia mara tano."

"Hongereni bondeni," nilisema.

Aliniangalia kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia. "Ngoja nikueleze kama ninavyomweleza mama yangu. Hivi vijidudu tumevilemaza makusudi. Kuna chakula kimoja haviwezi kujitengenezea. Ukiviweka kwenye sahani isiyo na hicho chakula, havioti. Umenipata?"

"Nimekupata."

"Sasa tunaviongezea maji tunayoyapima. Maji yakiwa salama, havioti, ila vichache tu vinavyogeuka vyenyewe, ishirini hivi. Lakini maji yakiwa na kitu kinachovunja vinasaba, vijidudu vinageuzwa ovyo ovyo, na katika kugeuzwa huko baadhi vinajikuta vinaweza kujitengenezea kile chakula. Hivyo vinaota. Kila kimoja kinaacha kidoa."

"Kwa hiyo vilikuwa vilema, vikanywa maji ya bondeni, sasa vinajitegemea."

"Siyo hivyo!"

"Hilo kwenu chini mnaliitaje?"

"Tunaliita mabadiliko ya vinasaba."

"Mabadiliko!" Nikaandika haraka. Taifa zima linalilia mabadiliko, na sisi tulikuwa nayo kwenye kisahani.

Hapo akaketi bila kukaribishwa, na sauti yake ikashuka. Kisima cha bondeni, alisema, kiko hatua sitini kutoka kwenye kiwanda cha rangi, na mabaki ya kiwanda humwagwa shimoni nyuma ya ukuta. Kinachovunja vinasaba vya kijidudu ndicho kinachoweza kuvunja vya mtoto. Leo huoni kitu, kesho huoni kitu, utakuja kuona baada ya miaka kwenye wodi ya saratani, na hapo hakuna atakayekumbuka kisima. Nyumba mia tatu zinakunywa maji hayo. Mama yake mzazi anayanywa. Watoto wanne wa dada yake wanayanywa.

"Nataka saini moja tu," alisema. "Kisima kifungwe, na chemchemi ya kilimani igawanywe. Inatosha mitaa yote miwili, mkiacha kumwagilia maua."

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Lakini huruma si utaratibu. Nilimpa Fomu ya Matokeo, toleo la saba, ambayo ina vyumba viwili tu, CHANYA na HASI. Nafasi ya maelezo tuliiondoa kwenye toleo la tano kwa sababu watu walikuwa wanaijaza. Yeye akaandika pembeni, kwa wino wake mwekundu: MAJI HAYA YASINYWEWE. Alipotoka nikaichukua karatasi, nikaitia kwenye mashine ya kunakili, na pembeni kukakatwa kidogo, ili nakala zikae vizuri kwenye faili.

Kikao kilifanyika Jumatano. Nilionyesha chati yenye nguzo mbili, ya bondeni ikigusa dari ya karatasi, ya kilimani ikiwa kama kisiki. Mkurugenzi aliitazama kwa muda mrefu. Ni mtu mkubwa kwa umbo na kwa cheo, na akikasirika shingo ndiyo hutangulia.

"Hebu nielewe," alisema. "Bondeni wana mia nne na ngapi?"

"Kumi na mbili, Mheshimiwa."

"Na mimi?"

"Ishirini na moja."

"Mimi Mkurugenzi Mkuu, ninayeongoza Mwaka wa Matokeo Chanya, ninakunywa hasi nyumbani kwangu?"

Mtu wa masijala alianza kukagua kucha zake. Mama Vidoa, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akasimama.

"Mheshimiwa, kwenye kipimo hiki chanya ndiyo mbaya. Chanya maana yake tulichokuwa tunakiogopa tumekikuta."

"Chanya ndiyo mbaya," Mkurugenzi alirudia polepole, kama anayeonja chumvi. Kisha akanigeukia. "Afisa Lugha?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nikafungua kamusi, nikasoma kwa sauti: chanya, yenye kuleta matumaini, yenye manufaa. Nikaifunga. Sijawahi kushinda hoja kwa urahisi namna ile.

"Kamusi haikupima maji," alisema Mama Vidoa.

"Mama, kaa chini," alisema Mkurugenzi. "Na tukupongeze, maana umeibua dhuluma kubwa. Kwa miaka yote hii wale wa bondeni wananeemeka kimyakimya, wala hawasemi! Na mnajua kisima kile kiko jirani na kiwanda cha nani?"

Tulijua. Kiwanda ni cha shemeji yake, kaka wa yule aliye chini ya barua ya pongezi.

"Shemeji yangu ana mchango katika mafanikio haya, na hajawahi kushukuriwa hata siku moja. Ninaagiza maji yabadilishwe. Ya kisima yapande kilimani kwenye nyumba za watumishi waandamizi. Ya chemchemi yashuke bondeni, wajifunze nao kuishi na hasi."

Tulipiga makofi. Mama Vidoa hakupiga. Alikuwa ameibana kalamu yake ndani ya ngumi, na midomo yake ilikuwa inatetemeka, nikadhani ni furaha ya kushukuriwa.

"Mheshimiwa," alisema, "kilimani nako kuna watoto. Usiyapandishe. Kifunge kisima, basi. Nakuomba."

"Nikifunge kisima chenye asilimia mia? Na watoto ndio ninaowaharakishia."

"Basi niandike kwamba nimekuambia."

Akaandika palepale, nyuma ya ajenda, herufi kubwa: NIMEELEZWA KWAMBA MAJI YA KISIMA CHA BONDENI YANAHARIBU VINASABA NA HAYAFAI KUNYWEWA. Mkurugenzi akaweka saini. Hakusoma. Si uzembe. Mtu anayesaini karatasi mia kwa siku, akianza kusoma, atasaini lini? Mama Vidoa akaikunja ile karatasi mara nne na kuiweka mfukoni, na jioni ile alipita getini kilimani akibandika matangazo ya mkono yenye maneno yaleyale. Askari wa getini aliyabandua yote, kwa kuwa hayakuwa na muhuri.

Kazi ya kubadilisha maji haikuchukua hata saa nzima. Mabomba yote mawili yanakutana kwenye kibanda cha pampu nusu ya mlima, na kuna koki nne kubwa za chuma kama usukani wa lori. Nilikwenda kusimamia upande wa taswira. Fundi bomba, mwanaume mkavu mwenye sigara nyuma ya sikio, alisoma agizo mara mbili.

"Mzee, mna uhakika? Mabomba ya hapa nimeyazoea. Kizuri kinapanda, kibaya kinashuka. Leo mnataka kinyume?"

"Kizuri ndicho kinachopanda," nilisema. "Soma vizuri."

"Haya. Mkuki kwa nguruwe..." Akaishia hapo, akazungusha koki. Sikuona methali hiyo inaingiaje.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za sherehe. Maji ya chanya yalikuwa na harufu kidogo, kama ya chumba kilichopakwa rangi jana, na tulikubaliana kwamba hiyo ndiyo harufu ya maendeleo. Mkurugenzi alimpa kila mgeni wake glasi, akimtazama mpaka aimalize. Mimi nilijaza vikombe vya nyumbani kwa mikono yangu. Binti yangu ana miaka mitano, mvivu wa kunywa maji, nikambembeleza kwa hadithi mpaka akazoea vikombe viwili kwa siku.

Jumamosi moja mchana tulikuwa mezani. Mke wangu hufundisha chekechea, na ana tabia ya kuuliza maswali kwa sauti ya kuwauliza watoto.

"Hivi haya maji yamewahi kupimwa?"

"Yamepimwa, na ni chanya. Mia nne na kumi na mbili."

"Chanya ya nini?"

"Chanya tu. Chanya ni chanya."

Akaweka kijiko chini. "Mwaka jana ulipolala wiki nzima unatetemeka, ukaenda kupimwa malaria, walikuambiaje?"

"Waliniambia ni chanya."

"Ukapiga vigelegele?"

"Ile ilikuwa hospitali. Hii ni maabara."

"Na hospitali wanapimia wapi? Jikoni?"

Nilifungua mdomo. Nina shahada mbili za lugha, na kwa mara ya kwanza nilikosa hata kiunganishi. Nikaona kisahani kile kimejaa vidoa. Nikakumbuka maneno yaliyobaki nje ya mashine ya kunakili, na nikakumbuka kwamba niliyaacha nje mimi. Upande wa pili wa meza binti yangu alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, akinywa taratibu ili baba amsifu. Niliogopa, jamani. Nikampokonya kikombe, akaangua kilio, na mama yake akainuka kumwaga maji yote yaliyobaki mezani.

Maji yalikuwa yamenifika shingoni, na haya hayakuwa maji ya methali.

Jumapili asubuhi nilikuwa kibarazani kwa Mkurugenzi. Alinisikiliza akiwa amevaa kandambili na shuka. Shingo ilitangulia, kisha uso, kisha akawa mweupe.

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Uliambiwa, Mheshimiwa. Ulisaini."

"Nilisaini nini?"

Nikamsomea kwa kumbukumbu. Akaketi kwenye ngazi. Kisha, kama kiongozi, akainuka.

"Rudisha koki kama zilivyokuwa. Leo hii. Sababu andika uboreshaji wa huduma."

Tukashuka wote wawili mpaka kibanda cha pampu. Fundi bomba alikuwa ameketi juu ya debe akila mhogo, na Mama Vidoa alikuwa pembeni yake. Sijui kama alikuwa anatungoja. Naamini alikuwa anatungoja.

"Kufunga kisima nitafunga hata sasa hivi," alisema fundi bomba. "Mradi sababu iandikwe. Lakini kuyarudisha bondeni hayo maji sirudishi. Mama hapa kanipa nakala ya saini yako, bosi. Nikiwapa watu maji na mimi najua, na wewe unajua, jela tutagawana vitanda."

"Basi funga kisima!" alisema Mkurugenzi.

"Nifunge niandike sababu gani kwenye kitabu?"

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu kiutawala. Ukiandika kwamba kisima kina sumu, lazima useme sumu imetoka wapi. Imetoka nyuma ya ukuta wa shemeji. Na ukisema kisima ni kibaya kwa sababu ni chanya, basi taarifa yetu ya asilimia tisini na sita inageuka orodha ya mabaya tuliyoyakusanya kwa bidii nchi nzima na kupongezwa. Mkurugenzi alisimama pale na kandambili zake, akitazama koki, akimtazama fundi, akiangalia upande wa nyumbani kwake ambako shemeji alikuwa amealikwa chakula cha mchana.

"Tutalitafakari," alisema hatimaye. "Kwa sasa kila mtumishi mwandamizi ajitafutie maji kadiri ya busara yake."

Busara ya kila mtumishi mwandamizi ilimfikisha mahali pamoja. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, magari ya kilimani yalikuwa yamepangana bondeni karibu na bomba la mtaa, na madumu ya njano yalikuwa yamejaa kwenye viti vya nyuma vya ngozi. Bomba lile linasimamiwa na mama yake Mama Vidoa, ajuza wa miaka sabini na nne ambaye mtaa mzima humwita Bi Foleni. Ana kigoda, ana fimbo fupi ya kunyooshea mstari, na kuanzia siku ile alikuwa na daftari.

Mkurugenzi alitaka kupita mbele. Fimbo ikashuka.

"Foleni, mwanangu."

Akapanga foleni, nyuma ya mwanamke mwenye ndoo tatu na mtoto mgongoni. Zamu yake ilipofika, Bi Foleni alimfungulia daftari magotini.

"Jina, cheo, na sababu ya kuja kuchota."

"Mama, sababu si inajulikana? Maji."

"Mimi nilikuja ofisini kwenu mara nne kuulizia haya maji. Mara zote nne mliniandikisha jina na sababu. Mara ya tatu mkasema sababu yangu haijakamilika. Kamilisha ya kwako."

Mkurugenzi akaandika. Ajuza akavaa miwani, akasoma kwa kufuata kidole.

"Mahitaji binafsi. Hayo hata mbuzi anayo. Futa."

Akafuta, akaandika tena.

"Upungufu wa maji. Upungufu gani? Kutoka hapa naona bomba lenu linamwagilia maua. Futa."

Nyuma yetu watu walianza kunung'unika. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba kama mzee hajui kuandika asaidiwe. Mkurugenzi Mkuu, ambaye kwa miaka tisa hajawahi kuandika sentensi bila mimi, alinitafuta kwa macho. Mimi nilijifanya nakagua mfuniko wa dumu langu. Mwishowe akainama, akaandika taratibu, na jasho likidondoka kwenye daftari: Maji ya kwetu yanaharibu vinasaba kwa sababu ya taka za kiwanda cha rangi.

"Cheo?"

"Mkurugenzi Mkuu."

"Weka na saini. Vizuri, isomeke. Haya, kinga dumu."

Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimeshaitunga sentensi yangu. Niliandika kwamba nimefika kufuatia changamoto za kiuchanya katika mfumo wa usambazaji. Bi Foleni aliisoma mara mbili, akanirudishia kalamu.

"Andika Kiswahili, baba."

"Bibi, hiki ni Kiswahili."

"Basi andika kile ninachokijua mimi."

Nikaandika: Mtoto wangu amekunywa maji mabaya, nami ndiye niliyempa. Ajuza alisoma, kisha akanisogezea dumu chini ya bomba kwa mguu wake mwenyewe. Nilikinga maji huku nikiwa nimegeukia ukutani, kwa sababu ambazo hazihusu taarifa hii.

Kwa wiki tatu tulichota. Majina arobaini na matatu, vyeo arobaini na vitatu, saini arobaini na tatu. Hata mtu wa masijala aliandika, na mwandiko wake ndio uliokuwa mzuri kuliko yote. Hakuna aliyejiuliza daftari likijaa linakwenda wapi. Sisi ni watu wa ofisi, tumezoea kwamba daftari likijaa linakwenda stoo.

La Bi Foleni lilikwenda Baraza la Mazingira, pamoja na malalamiko ya nyumba mia tatu. Tuliitwa wote. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani, bondeni upande huu na kilimani upande ule, na mimi niliketi mbele kuandika kumbukumbu za kikao, kwa kuwa Baraza halina afisa lugha. Shemeji wa Mkurugenzi alikuja na wakili mwenye mkoba wa magurudumu. Wakili huyo alikuwa amejiandaa vizuri. Alikuwa na taarifa yangu, kurasa zote sitini.

"Mwenyekiti," alisema, "Maabara Kuu yenyewe imeyatangaza maji ya kisima kile kuwa chanya. Hapa, ukurasa wa nne, tena kwa rangi ya kijani. Hakuna mtaalamu, hakuna kiongozi, hakuna mtu yeyote mwenye cheo aliyewahi kuandika popote kwamba kiwanda cha mteja wangu kimemdhuru mtu."

Mwenyekiti wa Baraza, mama mnene asiye na haraka, akafungua daftari lenye alama za maji kwenye kingo.

"Ninao arobaini na watatu," alisema. "Wa kwanza ameandika cheo chake Mkurugenzi Mkuu. Yupo?"

Mkurugenzi alisimama. Upande wake wa kulia aliketi shemeji, akimtazama kwa jicho la kumkumbusha harusi. Upande wa kushoto aliketi mkewe, ambaye hakuwa anamtazama yeyote. Alikuwa amemshika mjukuu wao mapajani.

"Mwenyekiti," alianza Mkurugenzi, "kiutawala, ni vyema ieleweke kwamba mwandiko huo, kwa jinsi ulivyo, hauwezi kusemwa moja kwa moja kwamba ni..."

"Si wako?" aliuliza mwenyekiti.

"Kwa maana ya kwamba..."

"Si wake, mwacheni," ilisema sauti kutoka nyuma. Bi Foleni alikuwa amesimama, fimbo mkononi. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Kama si wake si wake. Mwanangu, basi kesho usije na dumu. Kunywa ya kwenu."

Mkurugenzi alimwangalia shemeji yake. Akamwangalia mjukuu, aliyekuwa ananyonya kidole. Nimemtumikia mtu yule miaka tisa, nimemwandikia salamu za rambirambi na hotuba za kuzindua vyoo, na sijawahi kumwona akitafuta maneno peke yake mbele za watu.

"Ni wangu," alisema. "Mwandiko ni wangu. Niliyoandika ni kweli. Na huyu mama wa maabara aliniambia mapema, nikasaini bila kusoma."

Akaketi. Wakili alifunga mkoba wake. Mwenyekiti akaagiza kisima kifungwe, kiwanda kifungwe siku hiyohiyo mpaka shimo lichimbuliwe na kusafishwa, na chemchemi igawanywe kwa mitaa yote miwili mara mabomba yatakapooshwa, kazi ambayo fundi alikadiria ingechukua mwezi. Mama Vidoa alikuwa amekaa mstari wa tatu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena, na watoto wanne wa dada yake wakawa wanamvuta mikono waende nyumbani.

Watu walipokuwa wanatoka, Bi Foleni alipita karibu na meza yetu na kumgusa Mkurugenzi begani kwa fimbo.

"Huo mwezi mmoja utakuwa unachota dumu moja au mawili?"

"Mawili, mama," alisema Mkurugenzi Mkuu. "Tafadhali."